Bareti ya Namahoro

Jumatano, mjini Baraka. Upepo unatoka ziwani tangu alfajiri, na mawingu yamekaa juu ya milima bila kushuka wala kuondoka. Mvua haijanyesha. Laiti ingenyesha, labda na mimi ningetulia.

Siwezi kukaa. Nimeandika sentensi hizo nikasimama, nikaenda mlangoni, nikatazama barabara, nikarudi. Chai nimeimimina na sijainywa. Betri ya panneli ya jua bado ina nguvu kidogo, kwa hiyo naandika kabla giza halijaingia. Mtandao ukirudi vizuri nitaiweka hii kwenye blogu, na nyinyi wachache mnaosoma mtanisamehe kama mawazo yanarukaruka. Majina ya watu nimeyabadilisha, nanyi mnajua kwa nini.

Leo nilidhani nimempoteza Mama.

Nianze mbali kidogo. Mimi natengeneza simu na mashini, yaani kompyuta, katika kibanda changu karibu na soko. Ni kazi niliyoisomea Uvira, pamoja na rafiki ambaye hapa nitamwita Namahoro. Kiswahili hiki cha shule nilikipata utotoni ng'ambo ya ziwa, kambini, vita vya kwanza vilipotuvusha. Tuliporudi Baraka nilifikiri kukimbia kumekwisha. Sasa vita vimerudi tena kwenye milima, vimegawanyika vipande vipande, na kila kipande kina jina lake na bunduki zake. Watu wanashuka kutoka Fizi na magodoro kichwani. Wengine wanasema ni mapigano ya siku mbili, wengine wanasema safari hii watafika mjini. Mimi sijui. Natengeneza simu.

Pia natunza mashini ya redio yetu ndogo. Ni studio ya chumba kimoja, ina antena juu ya bati, na mkubwa wake ni Papa Wilondja, mwalimu wa zamani mwenye sauti nzito ambayo kila nyumba ya hapa inaijua. Radi ilipopiga mwezi uliopita iliunguza meza ya kuchanganyia sauti. Tangu hapo mikrofoni inapita kwanza ndani ya mashini, kisha mashini ndiyo inapeleka sauti kwenye antena. Mashini ikilala, redio nzima inalala.

Radi hiyohiyo iliua bareti moja. Bareti ni kale kaubao kembamba ka memori kanachochomekwa ndani ya mashini, ambako kazi yote inashikiliwa kabla ya kuhifadhiwa. Studio ilikuwa na bareti mbili zinazofanana. Ikabaki moja, na kwa moja ile mashini ilikuwa inatambaa. Papa Wilondja akaniomba nitafute ya pili.

Nilitafuta Baraka yote. Njia ya Uvira ilikuwa imefungwa. Nilichopata ni bareti iliyotoka kwenye mashini moja kuukuu iliyokufa. Kwa macho zilikuwa ndugu: urefu uleule, mkato uleule, inaingia bila kulazimisha. Lakini kwenye kibandiko cha ile ya studio imeandikwa volti 1.35, na kwenye hii niliyoipata imeandikwa 1.5. Mashini ya studio ni ndogo, ilitengenezwa ili itumie umeme mchache, nayo haijui kutoa zaidi ya 1.35. Ukiiweka humo bareti ya 1.5, ni kama mtu aliyezoea sahani nzima ukampa nusu. Atasimama, atafanya kazi, lakini jua likipanda ataanguka.

Nilimwambia Papa Wilondja hivyohivyo. Nilimwambia inaweza kukubali leo na kukataa kesho. Akasema kesho tutaiona kesho. Nikaichomeka, mashini ikawaka, tukapeana mikono.

Ilisimama hadi leo asubuhi.

Sikuwa studio. Nilikuwa kibandani nachaji simu za watu waliolala uwanjani, wale wanaoshuka. Mtandao ulikuwa umekatika tangu jana, lakini watu walitaka simu zao zijae tu, labda kwa kujipa moyo. Redio ya jirani ilikuwa inaongea, mimi sikuwa nasikiliza. Nilichosikia ni kwamba imenyamaza. Hilo nalisikia haraka kuliko maneno, kwa sababu ni kazi yangu.

Nilifunga kibanda nikaenda studio. Nilimkuta Papa Wilondja amesimama mbele ya kioo kilichoganda, mkono juu ya kichwa. Alinieleza kilichotokea. Wakuu wa mji walimletea tangazo alisome. Lilisema njia ya Fizi iko wazi kwa wanaoshuka kuja Baraka, lakini wanaopanda wasipande, kwa sababu mapigano yamefika karibu na barabara. Alianza kulisoma, na alipofika katikati taa za kifaa cha sauti, kile kinachoingiza mikrofoni kwenye mashini, zikazimika. Hakujua ni wapi hasa palipokatika. Akatoka nje, akawauliza wauza samaki waliokuwa wanasikiliza.

Walimwambia walisikia hivi: "Njia ya Fizi iko wazi." Basi. Baada ya hapo, kimya.

Nilijua pale pale, kabla ya kufikiri. Mama ana shamba la mihogo kwenye njia ya Fizi. Mihogo yake imelowekwa mtoni, na tangu juzi analalamika kwamba ikipita leo itaoza yote, nasi ndani hatuna unga. Alichokuwa anangoja ni neno moja tu kuhusu njia.

Nilikimbia nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa bado na joto na kiredio chetu kilikuwa juu ya dirisha, kikikwaruza. Jirani yetu, Baba Riziki, alikuwa anashona wavu mlangoni kwake, na aliponiona ninavyohema akaacha sindano.

"Mama yako alishaenda," aliniambia. "Balienda na bamama bengine, na mama wa kwangu, Mama Riziki, pia. Redio ilisema njia iko wazi."

Sikumwambia neno. Nakiri hapa: sikumwambia. Niliogopa kuuona uso wake ukibadilika. Nilirudi mbio.

Kwenye maegesho ya pikipiki niliwaomba wenye pikipiki wanipeleke juu. Wote walikataa kwa upole. Mmoja alisema ana watoto. Walikuwa wanajua zaidi ya redio. Nikaanza kutembea kwa miguu kuelekea njia ya Fizi, viatu vya kibandani miguuni, sina maji, sina chochote, mpaka nikasikia Papa Wilondja ananiita kutoka nyuma. Mzee yule hakimbii, lakini alikuwa amekimbia.

"Sifa, mutoto yangu," alisema alipopata pumzi. "Ukibafuata na miguu, labda utafikia mama yako peke. Ukitengeneza mashini, utafikia njia yote. Bamama banabebaka redio. Na benye pikipiki pia."

Nilimchukia kwa dakika ile. Kisha nikarudi naye.

Jambo la kwanza nilitoa bareti ya 1.5. Nikaiacha ile ya 1.35 peke yake, nikijua mashini itatambaa lakini itaongea. Nikabonyeza. Hakuna kitu. Kioo cheusi. Nikaitoa, nikasafisha meno yake ya shaba kwa kifutio, nikaihamishia tundu la pili. Giza. Radi ya mwezi uliopita, nadhani, ilikuwa imeijeruhi bila kuimaliza, na leo imemalizika. Nikajaribu ile ya 1.5 peke yake. Mashini ikalia mlio mfupi mara nyingi, mlio wake wa kukataa.

Tulijaribu na simu. Tuliichomeka moja kwa moja kwenye mtambo wa antena, lakini kebo hazikuelewana, na kilichotoka kwenye redio ya wauza samaki kilikuwa mvumo kama wa nyuki, hakuna neno ndani yake.

Nilikaa sakafuni. Baraka nzima, nilijua mahali pamoja tu penye bareti ya 1.35.

Ilikuwa kwangu, kibandani, chini ya meza, ndani ya katoni la chaja zilizokufa. Ndani ya mashini ya Namahoro.

Namahoro ni Munyamulenge, mwenyeji wa Minembwe, juu kule kwenye ng'ombe na baridi. Mimi ni Mubembe wa kando ya ziwa. Uvira tulikuwa tunakula sahani moja, yeye ananicheka naogopa maziwa, mimi namcheka anaogopa dagaa. Baada ya masomo alifanya kazi hapa studio, anarekodi, anapanga kebo, anasoma salamu. Ndipo mambo ya milimani yakaanza kuwaka, ng'ombe wakaibwa, vijiji vikaunguzwa, vya kwao na vya kwetu, na siku moja watu wakaja mlangoni kwa redio kuuliza kwa nini sauti ile bado inasikika hapa. Papa Wilondja alimwambia aende nyumbani kwa muda, kwa usalama wake. Ule muda haujaisha mpaka leo.

Alipokuja kuniaga alinipa mashini yake, ya kukunja. Kioo chake kilikuwa kimevunjika na chaja alikuwa ameipoteza, kwa hiyo haiwezi kuwashwa. Ndani yake mna sauti za bibi yake anayesimulia, alizozirekodi kabla bibi hajafa. Aliniomba nimtunzie mpaka nipate kioo kutoka Bujumbura, na nisimfungulie mtu yeyote. Nikamwambia ni amana. Kwetu amana ni amana. Hata ikikaa miaka, unaikabidhi kama ulivyoipokea.

Nilitembea kwenda kibandani nikibishana naye kichwani. Nilimwambia sifungui moyo wa mashini, nafungua tumbo tu. Nilimwambia bareti haishiki sauti za bibi, zile zimo kwenye diski, hazitaguswa. Yote ni kweli. Na bado, nilipoweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, vidole vyangu vilikuwa vya mwizi.

Nilijaribu kumpigia. Hakuna mtandao. Nilijaribu tena, kana kwamba simu ingenionea huruma.

Kisha nikafungua kifuniko cha chini. Bareti ilikuwa pale, na pembeni mwake nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Namahoro anaweka nukta hiyo kwenye kila kitu chake, kebo, chaja, hata kijiko alichokuwa nacho Uvira. Kibandiko kilisema 1.35. Niliichomoa, nikaifunga ndani ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili isipate umeme wa nguo zangu, nikairudisha mashini kwenye katoni na chaja zile zilizokufa juu yake.

Kati ya kibanda na studio watu wenye silaha walikuwa wameweka kizuizi, kamba na mawe. Kwenda sikusimamishwa. Kurudi nikasimamishwa. Aliyenisimamisha alikuwa mwanamume wa rika langu, mwenye bunduki na macho ya mtu asiyelala. Aliona mkono wangu umefumba. Nilipofumbua, karatasi ile ya fedha iling'aa, na nikaona anachokifikiria. Hapa watu wanaotoka Misisi, kwenye machimbo, hufunga dhahabu hivyo hivyo.

Aliichukua akaifunua. Akaishika bareti kwa vidole vyenye jasho, akaigeuza, akaipitishia ukucha kwenye meno. Nilitaka kumwambia asiiguse hapo, na sikuthubutu. Nilikuwa naitazama ile nukta nyekundu. Nilikuwa na hakika kwamba ataniuliza ni ya nini, na kwamba jina la Namahoro litanitoka lenyewe.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia ni bareti ya mashini ya redio, redio imekufa naenda kuifufua.

Alifikiri kidogo. "Mama yangu anaisikilizaka," alisema. Akaikunja tena ndani ya karatasi yake, vibaya, akanirudishia.

Sikukimbia mpaka nilipopinda kona.

Studio, Papa Wilondja alinishikia tochi. Nilipofunua karatasi, mwanga ulianguka juu ya ile nukta, nikaona tochi imesimama. Nusu ya kebo za chumba kile bado zina nukta hiyo. Hakuwa na haja ya kuelezwa.

"Ni ya Namahoro?"

"Ni ya Namahoro."

Sikujua atasema nini. Yeye ndiye aliyemwambia aende, na yeye ndiye anayekaa hapa kila siku na watu wanaouliza maswali. Tulikuwa wawili tu, lakini dirisha lilikuwa wazi na wauza samaki walikuwa karibu. Aliweka tochi mezani, akaenda akafunga dirisha, akarudi akaishika tochi tena.

"Weka," alisema.

Nikaiweka. Ile ya 1.5 nikaitia mfukoni, isije ikamjaribu mtu. Nikabonyeza.

Feni ilizunguka. Kioo kikawa cheupe, kisha bluu, kisha vikaja vile vidude vyote vya kawaida ambavyo siku zote sivitazami. Leo nilivitazama kama sura za ndugu. Bareti moja tu, lakini inakula kile inachopewa na inashiba. Taa za kifaa cha sauti zikawaka kijani.

Papa Wilondja alisoma tangazo lote. Alilisoma polepole, akalirudia, na akasema wazi kwamba asubuhi lilikatika na kwamba aliyesikia nusu asiifuate ile nusu. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akausogeza ule mkono wa mikrofoni upande wangu.

Mimi sisemi redioni. Tangu tulipoanza kazi ile nimekuwa nyuma ya waya, napenda kuwa nyuma ya waya. Nilitikisa kichwa. Yeye akatikisa cha kwake.

Nilisema kwa Kiswahili chetu, halafu kwa Kibembe. Sikumbuki yote. Nakumbuka nilimtaja Mama kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya watu. Nakumbuka nilisema mihogo ioze. Niliwataja akina mama wengine ninaowajua kwamba wameenda, na Mama Riziki, nikawaomba wenye pikipiki wanaoshuka wasiwapite njiani bila kuwasimamisha. Tuliendelea kupokezana, yeye tangazo, mimi majina, yeye tangazo, mimi majina. Kati ya zamu nilikuwa naweka kiganja juu ya mashini kupima joto lake, kama unavyompima mtoto mwenye homa.

Haikuanguka.

Mlio wa bunduki ulisikika mara mbili, mbali, upande wa milima. Halafu mwingine, karibu kidogo, au labda upepo ulikuwa umegeuka.

Jua lilipoanza kulegea nilishindwa. Nilimwachia Papa Wilondja mikrofoni nikaenda kusimama pale njia ya Fizi inapoingia mjini. Watu walikuwa wanapita wengi. Mbuzi, vitanda vya miti, mwanamke aliyebeba cherehani mgongoni kama mtoto. Nilitazama kila kitenge. Kila kitenge cha kijani kilikuwa cha Mama mpaka kilipokaribia.

Alikuja na kundi la wanawake, katikati, anatembea kwa ukali kama mtu aliyekasirishwa. Hana beseni. Hana mihogo. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

Nilimshika mkono tu.

"We Sifa," alisema. "Minakusikia ndani ya pikipiki ya muntu."

Alinieleza tukitembea. Kiredio walichobeba kilikuwa kimezimwa, wanatunza mawe yake, yaani betri. Walikuwa wamevuka mto tayari, wanapandisha. Wakakutana na mwanamume anayetoka Misisi, amefunga redio kwenye usukani wa pikipiki kwa mpira wa baiskeli, anaisikiliza kwa sauti kubwa. Alikuwa amewapita. Kisha akasimama, akageuka, akawauliza kama kati yao kuna mwenye jina lile la ubatizo. Mama alifikiri anatafutwa na wanajeshi, akanyamaza. Ndipo akanisikia mimi mwenyewe, nasema mihogo ioze.

"Minaitambua sauti," aliniambia. "Lakini ile jina, juu ya nini unaitangaza ku bantu bote?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakaa kando ya barabara, na yeye akasimama juu yangu akingoja nimalize, na akina mama wale wakaangalia pembeni kwa heshima, kwa sababu hakikuwa kicheko.

Lakini Mama Riziki hakuwa kwenye kundi.

Alikuwa mbele yao. Alipata lifti ya pikipiki iliyokuwa inapanda, maana shamba lake liko mbali zaidi. Yule mtu wa Misisi alisema huko Fizi watu wengi wameingia kanisani wamejifungia, labda na yeye yumo. Labda. Tulienda na Mama kumwambia Baba Riziki, na safari hii sikukimbia uso wake. Alisikiliza, akauliza kama yule mtu alisema kanisa gani. Hatukujua. Akachukua sindano yake akaendelea na wavu, palepale alipoachia. Kutoka hapa ninapoandika namwona. Bado anashona, ingawa sidhani kama anaona tundu.

Nimejiambia mara nyingi leo kwamba nilionya kuhusu ile bareti ya 1.5. Ni kweli nilionya. Haisaidii.

Mama amelala bila kula. Kabla ya kulala alisema kesho anataka tutafute mtumbwi wa injini, tuvuke, na kwamba yeye hajui kama ataweza kuanza maisha upya mara ya tatu. Papa Wilondja amelala studio na mashini. Ameniambia nisiwaze, akisikia feni inabadilika atatuma mtu kuniita. Nitawaza.

Mtandao umerudi sasa hivi, nikiwa naandika aya ile ya Mama. Simu ililia. Nilidhani ni Papa Wilondja.

Ni Namahoro.

Ameandika: "Nimekusikia. Huku kuna kilima kimoja redio yenu inafikaka. Nimesikia unamuita Mama. Amefika?"

Nilimjibu kwamba amefika. Kisha mikono yangu ikakaa juu ya simu muda mrefu. Ningeweza kunyamaza. Ningeirudisha bareti siku mambo yakitulia, nikakaza skrubu, asingejua kamwe. Nikaandika kila kitu. Nikaandika kwamba nimefungua mashini yake bila ruhusa, kwamba nimechukua bareti, kwamba ndiyo iliyosema maneno aliyoyasikia kilimani. Nikaandika kwamba sauti za bibi sijazigusa. Nikaandika anisamehe. Nikatuma kabla sijasoma tena.

Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi.

Jibu lake hili hapa, nalinakili lilivyo:

"Ulichukua moja tu? Ya pili iko chini ya kibodi. Skrubu moja imefichwa chini ya kibandiko, usilazimishe. Zote mbili ni 1.35. Chukua na hiyo, ile mashini na moja itabachokesha."

Sikujua kuna ya pili. Nilikuwa na haraka, nilifungua chini nikaona tundu moja nikaridhika.

Nimesoma ujumbe ule mpaka kioo cha simu kimezimika mkononi mwangu. Hakuna mahali amesema amenisamehe. Amenieleza skrubu iko wapi.

Kukikucha nitakwenda kibandani, nitatoa kibodi polepole, nitaipeleka ya pili studio. Kuhusu mtumbwi, nitazungumza na Mama akishakula. Zaidi ya hapo sina mpango, na nadhani leo hakuna mtu Baraka mwenye mpango.

Nilimwandikia tena. Nilimuuliza: na wewe, huko juu, uko salama?

Alama ya tiki kwenye ujumbe ni moja tu. Haijafika. Mtandao umekatika tena, au wa kwake umekatika, sijui. Upepo umetulia ghafla na nasikia ziwa. Nimekaa na simu mapajani, na kila baada ya sentensi naitazama.

Na wewe, Namahoro?